Tarihi Isiyolia: Filamu za Kisanaa na Ufufuaji wa Muziki wa Kale wa Ulaya

Utangulizi

Katika mijadala ya wahakiki wa Ulaya na Marekani, filamu za kisanaa hulinganishwa mara kwa mara na muziki wa kiklasiki. Ulinganisho wenyewe aghalabu huwa mfupi. Husemwa kwamba zote mbili ni sanaa nzito, zote mbili zina hadhira ndogo, zote mbili huhitaji ruzuku ili ziishi, na zote mbili humdai mtazamaji au msikilizaji uvumilivu ambao sanaa za kuburudisha hazimdai. Mzungumzaji akishafika hapo huwa amemaliza, na anayemsikiliza huwa ameelewa jambo moja tu, kwamba sanaa hizo hazikukusudiwa watu kama yeye.

Mhadhara huu unashikilia kwamba ulinganisho wa aina hiyo unaeleza hadhira tu, na sanaa zenyewe haujazigusa. Utendi wa beti mia kadhaa nao humdai msikilizaji uvumilivu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo umefanana na simfoni. Ulinganisho wenye faida uko mahali pembamba zaidi. Uko kati ya tawi moja la filamu za kisanaa, lile la Robert Bresson na la Jean-Marie Straub na Danièle Huillet, na harakati ya karne ya 20 ya kuufufua muziki wa kale wa Ulaya kwa ala na namna za wakati wake. Pande hizi mbili zilifanya kazi inayofanana sana, zikalaumiwa kwa maneno yaleyale, na mwaka 1968 zikakutana katika filamu moja. Filamu hiyo ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Suala la majina

Kwanza istilahi ziwekwe sawa, kwa kuwa Kiswahili hakijazipa sanaa hizi majina yaliyotulia. "Filamu za kisanaa" hapa ni zile zinazotengenezwa nje ya mfumo wa studio kubwa za biashara, ambamo mwongozaji huhesabiwa kuwa mtunzi wa kazi yake kama mshairi alivyo mtunzi wa shairi. Jina hilo lina kasoro, maana linaashiria kana kwamba filamu nyingine hazina sanaa, lakini limeshashika. "Muziki wa kiklasiki" nalo limezoeleka. Taabu iko katika "muziki wa kale". Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akiyasikia maneno hayo atawaza zilipendwa, yaani nyimbo za dansi za miaka ya 1960 na 1970, na hana kosa. Katika mhadhara huu muziki wa kale ni ule uliotungwa Ulaya hadi kizazi cha Johann Sebastian Bach, aliyefariki 1750, ambao baadaye namna yake ya kupigwa ilisahauliwa. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo ya msingi. Zilipendwa zimerekodiwa, na anayetaka kujua gitaa lilivyokuwa likipigwa ana sahani na kanda za kusikiliza. Muziki wa kale wa Ulaya ulibaki kwenye karatasi.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anaielewa hali hiyo bila kuelezwa sana. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake wa Pate una tarehe inayolingana na 1728, ulihifadhiwa maneno yake kwa herufi za Kiarabu, na mahadhi hayakuandikwa. Msomaji wa wakati ule aliyajua mahadhi, kwa hiyo hapakuwa na haja. Katika miaka hiyohiyo, kwa kuwa muziki wake wa Mateso kwa mujibu wa Injili ya Mathayo unahesabiwa kusikika mara ya kwanza Leipzig mwaka 1727, Bach alikuwa akiandika mstari wa besi na kuweka tarakimu kando yake, akimwachia mpiga kinanda azijaze sauti zilizobaki. Mpiga kinanda alijua la kufanya. Mapokezi ya namna hiyo yakikatika, karatasi huwa na maneno machache sana ya kumwambia aliyekuja baadaye.

Kazi ya kukwangua

Felix Mendelssohn aliyafufua Mateso ya Mathayo huko Berlin tarehe 11 Machi 1829, akiwa kijana wa miaka 20. Alikata sehemu nyingi na kutumia kwaya kubwa na ala za zama zake. Bila yeye pengine Bach angebaki mtunzi wa wachache, kwa hiyo si haki kumcheka. Lakini kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka mia moja, Bach alipigwa kana kwamba alikuwa mtunzi wa karne ya 19. Okestra zilikuwa kubwa, mwendo ulikuwa wa taratibu, sauti zilitetemeshwa bila kukoma, na kila kifungu kilivimbishwa na kupunguzwa ili msikilizaji ajue mahali pa kuguswa.

Walioanza kuikwangua rangi hiyo walikuwa mafundi kabla ya kuwa wananadharia. Arnold Dolmetsch, aliyezaliwa Ufaransa 1858 na kufanya kazi yake kubwa Uingereza, alitengeneza ala za kale kwa mikono yake, na mwaka 1915 alichapisha kitabu kuhusu namna ya kuupiga muziki wa karne za 17 na 18. Mwaka 1933 ilianzishwa Schola Cantorum Basiliensis, chuo cha muziki wa kale katika mji wa Basel. Mwaka 1953 Nikolaus Harnoncourt na mkewe Alice waliunda kundi la Concentus Musicus mjini Vienna. Huko Uholanzi Gustav Leonhardt, mpiga hapsikodi na ogani, aliwafundisha wapigaji waliotoka nchi nyingi. Wapigaji hawa walirudia nyuzi za utumbo badala ya za chuma, walishusha kimo cha sauti kwa karibu nusu hatua, walipunguza idadi ya wapigaji, na waliuacha ule mtetemo wa kudumu. Walilaumiwa kwa ukavu. Wahakiki walisema kwamba roho ya muziki imetolewa, mifupa imebaki.

Lawama hiyohiyo alitupiwa Robert Bresson, na kwa sababu inayokaribiana. Kuanzia miaka ya 1950 Bresson aliacha kuwatumia waigizaji mashuhuri, akachukua watu wasio na ujuzi wa jukwaa. Hakuwaita waigizaji, aliwaita modeli. Aliwarudisha katika tendo lilelile mara nyingi, mpaka kila nia ya kuonyesha hisia ikawatoka na tendo likafanyika kama mtu afungavyo mlango wa nyumbani kwake. Katika Un condamné à mort s'est échappé ya 1956, iliyotokana na kisa cha kweli cha André Devigny, aliyetoroka gereza la Montluc mjini Lyon mwaka 1943, sehemu kubwa ya filamu ni mikono inayokwaruza mbao za mlango kwa kijiko. Muziki ni kipande cha Misa ya Mozart katika ufunguo wa C mdogo. Hauletwi mahali pa hatari, ambapo filamu nyingine ingeupiga kwa nguvu zote. Huja wafungwa wanapotoka uani kumwaga ndoo zao za choo.

Hapa ndipo ulinganisho unapoanza kuzaa. Hapsikodi hukwanyua nyuzi zake, na kidole kikibonyezwa kwa nguvu au kwa upole sauti hutoka karibu ileile. Mpigaji hawezi kupaza noti moja ili imlize msikilizaji. Alichobakiwa nacho ni muda, yaani kuchelewesha noti kwa kitambo kidogo sana, kuiachia mapema, au kuacha nafasi kabla ya ile inayofuata. Anayemsikiliza Leonhardt kwa makini atagundua kwamba kinachoitwa ukavu kimejaa maamuzi ya aina hiyo. Uso wa modeli wa Bresson ni kama ufunguo wa hapsikodi, hauvimbi. Maana imewekwa katika urefu wa picha, katika sauti ya nyayo inayotangulia kuonekana kwa mtu, katika mlango unaobaki kwenye picha baada ya mtu kupita. Anayetazama uso akisubiri machozi atasema hakuna kitu.

Filamu ya 1968

Straub na Huillet walikuwa mume na mke, Wafaransa waliokuwa wakiishi Ujerumani. Straub aliwazia filamu kuhusu Bach tangu miaka ya 1950, na fedha za kuitengeneza zilichukua takribani miaka kumi kupatikana. Ilipigwa 1967 na kutoka 1968 kwa jina la Chronik der Anna Magdalena Bach. Neno la kwanza la jina hilo wengi wangelifasiri kuwa "kumbukumbu", lakini Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, nalo ni "tarihi". Sababu itaelezwa baadaye.

Waongozaji hawa hawakumtafuta mwigizaji anayeweza kujifanya mpiga kinanda. Walimchukua Gustav Leonhardt mwenyewe, wakamvika wigi na koti la karne ya 18, wakamweka mbele ya hapsikodi na ogani. Harnoncourt yumo pia, akiwa mtawala wa Köthen aliyemwajiri Bach, na kundi lake la Vienna linapiga. Filamu inaanza na konseto ya tano ya Brandenburg, mahali ambapo okestra hunyamaza na hapsikodi hubaki peke yake. Kinachoonekana ni Leonhardt akiwa ametuonyesha mgongo na mikono yake. Wapigaji wengine huonekana baadaye kamera inaporudi nyuma. Vipande vingi vya muziki vilipigwa kwa mkupuo mmoja, bila kukatwa, na sauti inayosikika ndiyo iliyonaswa palepale. Katika filamu nyingi za muziki mwigizaji hutembeza vidole huku mtu mwingine akisikika. Hapa jasho la kazi limo ndani ya picha.

Katikati ya vipande hivyo inasikika sauti ya Anna Magdalena akisimulia. Anna Magdalena Wilcke alikuwa mwimbaji katika kasri la Köthen. Aliolewa na Bach Desemba 1721, akamzalia watoto 13, na saba kati yao walikufa wakiwa wadogo. Masimulizi yake katika filamu yametungwa na waongozaji kutoka hati za kweli, hasa barua za Bach na tanzia iliyochapishwa 1754, ambayo waandishi wake ni mwanawe Carl Philipp Emanuel na mwanafunzi wake Agricola. Yeye mwenyewe hakuacha tarihi yoyote. Kitabu cha Kiingereza cha 1925 kilichojifanya kuwa kumbukumbu zake kilikuwa riwaya ya Esther Meynell, ingawa wasomaji wengi walikiamini.

Maneno ya Anna Magdalena hutoka kwa kasi na kwa sauti iliyonyooka. Mtoto amezaliwa, mtoto amekufa, mshahara haukutosha, mkuu wa shule ya Mtakatifu Thomas amegombana na mumewe mwaka 1736 kuhusu nani ateue viranja wa kwaya. Yote yana uzito mmoja wa sauti. Leonhardt naye hazeeki. Alikuwa na umri wa miaka 39 hivi, na kwa mume na mke ambao maisha yao yanapita kuanzia miaka ya 1720 hadi 1750 hakuna mvi iliyopakwa wala mkunjo uliochorwa. Mwishoni Bach amesimama dirishani, na sauti inaeleza jinsi macho yake yalivyopofuka, yalivyopasuliwa na daktari Mwingereza, kisha alivyokufa. Hakuna anayelia katika picha. Waliotoka ukumbini wakisema kwamba filamu haina hisia walikuwa wengi, na bado wapo.

Filamu ya Alain Corneau ya 1991, Tous les matins du monde, inafaa kuwekwa kando yake kwa muda mfupi. Inahusu wapiga viola da gamba Sainte-Colombe na Marin Marais, na muziki wake ulisimamiwa na Jordi Savall kwa ustadi ambao hauna ubishi. Uliipeleka ala hiyo iliyosahauliwa katika maelfu ya nyumba. Lakini ni filamu ya namna nyingine kabisa. Inaanza na uso wa Gérard Depardieu ukiwa umejaza picha, na huzuni inakaa usoni hapo, muziki ukiifuata nyuma kama msindikizaji.

Kwa nini tarihi

Msomaji wa Tarihi ya Pate hawezi kuishangaa filamu ya Straub na Huillet. Tarihi ile, ambayo nakala zake nyingi zinahusishwa na Bwana Kitini, huenda kwa mwendo uleule. Sultani fulani ametawala miaka kadhaa, akafa, akaacha wana kadhaa; akatawala fulani baada yake; vita vikatokea; mji ukavunjwa. Msimulizi hasimami kulia juu ya kaburi. Kifo cha mtawala aliyependwa na kifo cha mtawala dhalimu hupewa sentensi zenye urefu unaokaribiana. Aliyezoea riwaya ataona ni orodha. Aliyezoea kusikiliza tarihi ikisomwa, hasa ikiwa ukoo wake umetajwa ndani, anajua kwamba ukavu huo ni adabu. Msimulizi anajizuia asichukue nafasi ya wenye msiba.

Kuna mfanano mwingine, na huo una miiba. Tarihi ya Pate husema kwa sauti ya mtu anayejua, lakini iliandikwa muda mrefu baada ya mengi inayoyasimulia, na wanahistoria wamebishana vikali kuhusu tarehe zake, kama alivyofanya Neville Chittick mwaka 1969. Sauti ya Anna Magdalena nayo ilitungwa miaka zaidi ya mia mbili baada ya maziko ya mumewe. Ni sauti ya hati, iliyotiwa kinywani mwa mwanamke ambaye hati hazikumpa nafasi ya kusema. Aliyekufa 1760 akiishi kwa sadaka angeweza kusema mengine. Filamu haifiki huko; inakomea kwa kifo cha mume.

Jambo hili linaongoza kwenye pingamizi kubwa zaidi lililowahi kutolewa dhidi ya muziki wa kale uliofufuliwa. Mwanamuziki na mwanazuoni wa Marekani Richard Taruskin, katika insha alizozikusanya 1995 kwa jina la Text and Act, alidai kwamba wapigaji hawa hawakurudi karne ya 18 hata kidogo. Wepesi wao, mwendo wao usioyumba, na chuki yao kwa hisia zilizovimba ni ladha ya karne ya 20, ladha ya Stravinsky, iliyovaa nguo za kale. Hoja hiyo ni nzito na haijajibiwa kikamilifu. Lakini ikikubaliwa, inauimarisha ulinganisho wa mhadhara huu, kwa sababu inaeleza kwa nini Leonhardt na Bresson wanafanana ilhali mmoja alipiga muziki wa karne ya 18 na mwingine alitengeneza filamu za wakati wake. Walikuwa watu wa kizazi kilichopitia vita na kuona jinsi hisia za umati zinavyoweza kupulizwa na matarumbeta, na pengine hapo ndipo shaka yao ilipoanzia.

Kamina

Sanaa hizi mbili zinaachana mahali pamoja. Muziki wa kale umefufuliwa kwa kuwa namna yake ya kupigwa ilipotea, na hiyo ndiyo iliyowapa wapigaji uhuru. Mwaka 1981 Joshua Rifkin aliweza kudai kwamba kwaya ya Bach ilikuwa na mwimbaji mmoja kwa kila sauti, na kazi zote zikasikika upya. Filamu haipigwi upya. Huoshwa, hunakiliwa, hurekebishwa mikwaruzo, lakini Leonhardt wa 1967 hatachelewesha noti mahali pengine. Alifariki 2012; Huillet alitangulia 2006, Harnoncourt akafuata 2016, na Straub 2022. Filamu iliyotengenezwa ili kuonyesha muziki wa karne ya 18 sasa ni hati ya namna muziki huo ulivyopigwa katika miaka ya 1960, na wapigaji wa leo hawapigi hivyo tena.

Mfano unaogusa ulimwengu wa Kiswahili uko katika filamu ya Pier Paolo Pasolini ya 1964, Il Vangelo secondo Matteo. Pasolini hakujali usafi wa ala. Aliyachukua Mateso ya Bach, akayachanganya na wimbo wa Odetta na sauti ya Blind Willie Johnson, na mahali pa ufufuo akaweka Gloria ya Missa Luba. Misa hiyo ilitokea Kamina, Katanga, ambako mtawa wa Kibelgiji Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana na walimu wao, nayo ikaimba huko Kongo na Ulaya katika mwaka 1958. Maneno ni ya Kilatini. Nyimbo na midundo ni ya Kongo, na sehemu kubwa ilizuliwa na waimbaji wenyewe wakiimba. Noti ziliandikwa baadaye, kutokana na sauti. Ni kinyume cha hali ya Bach, ambaye karatasi yake ilitangulia na sauti ikapotea. Hata hivyo karatasi ilipokuja ilikuwa na jina la Haazen.

Wavulana wa Ujerumani walioimba Mateso mbele ya kamera za Straub na Huillet wana nyuso zao ndani ya filamu; mtazamaji anawaona wakivuta pumzi kabla ya kuanza. Wavulana wa Kamina wamo katika filamu ya Pasolini kwa sauti tu. Waliokuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1958 sasa wanakaribia themanini au wameupita umri huo. Kamina leo ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, na Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya watu wengi wa Katanga ya zamani. Maswali ya nani alizua mstari upi wa Gloria, nani aliutoa wimbo wa nyumbani na kuufungia ndani ya Kilatini, na jinsi mazoezi yalivyokwenda, yanaweza kuulizwa huko kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na watafiti wa vyuo vikuu vya Kongo na vya Afrika Mashariki, maadamu wamebaki wa kuulizwa.